Aproni ya Bwana Singano

Kantini ya kiwanda cha kamba kule Tanga ilikuwa na wapishi sita, na makao makuu yakataka mfanyakazi mmoja apunguzwe. Meneja, Bwana Singano, hakuumiza kichwa. Alimwita Siwatu, mpishi mwenye mdomo kuliko wote.

"Kesho anakuja mkaguzi. Nimeshamwambia kwenye simu: atakayemkuta jikoni amekaa, huyo ndiye wa kwenda nyumbani. Na wewe na mgongo wako huo, lazima utakaa tu."

"Sawa, bosi. Ila usiache kuja kuonja pilau kama kawaida yako. Nitakuwekea mnofu."

Asubuhi Singano akaja, akavuta kiti chake pale pale karibu na jiko. Siwatu akamletea sahani iliyofurika, akamvalisha aproni na kofia ya mpishi.

"Shati jeupe hilo, bosi. Mafuta hayajui nani mkubwa."

Mkaguzi aliingia, akakuta wapishi sita wanatoka jasho kwenye masufuria, na mmoja amekaa anafyonza mfupa.

"Wewe! Jina lako nani?"

"Mimi ndiye meneja!"

Mkaguzi akamgeukia Siwatu. "Eti ni kweli?"

"Mama, mimi mpishi tu, makubwa siyajui," Siwatu alijibu huku akikoroga. "Lakini meneja wetu ndiye aliyeitunga sheria ya kukaa. Unadhani angeivunja mwenyewe?"

Mkaguzi akatoa kalamu, akaandika.

Alipoondoka, Siwatu alikivuta kile kiti akakaa. Mgongo ulikuwa unamuuma kweli.