Chura na Tofali Lililolala

Paukwa!

— Pakawa!

Masikio mnayo?

— Tunayo, na mengine ya akiba!

Basi yafungueni, maana anayesinzia leo ataota uongo wake mwenyewe.

Hapo kale, kale hasa, wakati Fisi alikuwa bado fundi wa kuaminika, palikuwa na bwawa. Bwawani waliishi marafiki wawili. Mmoja ni Bi Chura, mwenye mdomo mpana na moyo mpana zaidi. Wa pili ni Kamongo, yule samaki mrefu anayelala matopeni. Kila jioni walicheza bao. Kamongo alihamisha kete kwa mdomo, na akiona anashindwa, alimeza moja.

Mwaka ule jua likawaka. Likawaka, likawaka, likawaka, bwawa likabaki tope. Siku moja, katikati ya mchezo, Kamongo akapiga miayo.

"Chura ndugu yangu, mimi nalala. Mvua ikija tutaonana. Kete usiziguse, ni zamu yangu."

Akachimba, akazama, akajikunja, akaacha kitundu cha kupitishia pumzi, chembamba kama bua la nyasi. Chura naye akabeba kibuyu chake cha maji, akajificha chini ya jabali. Kila siku alijipaka tone moja tu mgongoni, kwa sababu chura akikauka, amekwisha.

Siku moja akatoka kumchungulia mwenziwe. Loo! Bwawa halipo! Fisi amelikata lote matofali, ajenge nyumba ya Kakakuona, mkuu wa nchi ile. Matofali yamepangwa tanuruni, na Moto yuko kwenye mdomo wa tanuru, anajilamba.

Chura akakagua tofali hili, akakagua lile, akafika la tatu. Kitundu! Kitundu chembamba kama bua la nyasi!

"Fisi, ngoja! Huyu ni Kamongo! Yu hai!"

Fisi akalichomoa lile tofali. Akalitikisa, akalinusa, akaling'ata kidogo. Fisi na meno yake, tabia haina dawa.

"Hili ni tofali, Bi Chura. Hata ladha halina."

Chura akapiga ukelele, wanyama wakaja mbio, na Kakakuona akaja nyuma yao kwa mwendo wa kiheshimiwa. Akasikiliza huku, akasikiliza kule, kisha akainama juu ya tofali.

"Tofali, unatembea?"

Kimya. Chura akaimba:

*Kamongo, Kamongo, mwana wa tope,*
*amka uwajibu, tikisa ukope!*

"Tofali, unakula?"

Kimya. Chura akaimba:

*Kamongo, Kamongo, mwana wa tope,*
*amka uwajibu, tikisa ukope!*

"Tofali, unakua?"

"Limepungua!" Fisi akadakia. "Jua limelikausha."

Hapo Moto akanyoosha shingo. "Mheshimiwa, hebu niulize mimi."

"Moto, unatembea?"

"Iulize nyika nzima!"

"Unakula?"

"Lete kuni uone!"

"Unakua?"

"Nipe upepo! Na kuzaa nazaa, cheche moja tu, wajukuu kijiji kizima! Kama mimi si hai, nani hai?"

Wanyama wakapiga makofi. Moto, kwa sifa, akaruka juu, bwaa! Kakakuona akashtuka, akajiviringisha, akawa mpira wa magamba katikati ya uwanja. Hatikisiki wala hasemi.

Chura akaona mwanya wake.

"Jamani, mkuu wetu hatembei, hali, hajibu. Naye apangwe tanuruni?"

Wanyama wakacheka mpaka Pundamilia akakaa chini. Sauti ikatoka ndani ya mpira: "Nani huyo anayetaka nipangwe? Nimejikunja tu!"

"Na Kamongo amejikunja tu, mheshimiwa."

Kakakuona akajikunjua taratibu, akakohoa, akajifuta vumbi. "Nakupa jaribio moja, Bi Chura. Moja tu. Ukishindwa, tanuru liwashwe."

Chura akawageukia wanyama. "Kila kilicho hai kinahitaji maji. Kweli au si kweli?"

"Kweli!"

"Basi Moto anywe, na tofali linywe."

Moto akataka kurudi nyuma, lakini ulimi wake mwenyewe ulikuwa umekwisha kumfunga. "Nitakunywa," akasema, "ila kidogo."

Chura akatikisa kibuyu. Yalikuwa yamebaki mafunda mawili, na mvua haikujulikana iko wapi. Aliogopa, tusidanganyane. Lakini alizikumbuka zile kete zinazongoja, akafungua kizibo.

Funda la kwanza, kwa Moto. Chwaaa! Moshi, kisha majivu.

"Moto? Moto wee?" Kakakuona akaita. Hakuitika mtu.

Funda la pili, kwenye kitundu. Kibuyu kikawa kitupu. Chura akaimba, kimya. Akaimba tena, kimya. Ngozi yake ikaanza kukakamaa, na Fisi akaondoka kutafuta kijinga kingine cha moto. Mara ya tatu sauti haikutoka tena, alinong'ona tu:

*Kamongo, Kamongo, mwana wa tope…*

Povu likatoka kitunduni. Dogo, likapasuka. Likatoka jingine. Tofali likafanya ufa, ufa ukatanuka, pua ikachomoza yenye tope.

"Chura," ikasema ile pua, "kete umezigusa?"

Chura akacheka, akalia, akacheka tena, kisha akaanguka chali, mkavu kama gome. Kamongo akaona kibuyu kitupu, akaelewa yote.

"Chimbeni!" akapiga kelele. "Pale nilipolala, chimbeni chini yake! Kamongo halali mbali na maji!"

Wakachimba. Jembe la kwanza, vumbi. Jembe la pili, tope. Jembe la tatu, maji yakabubujika! Chura akachovywa kichwa na miguu, na Kamongo akatumbukizwa kando yake. Chura akafumbua jicho moja.

"Sikuzigusa," akasema.

Wanyama walicheza ngoma siku tatu, wakanywa mpaka Twiga akajaa shingo nzima. Moto aliwashwa tena kupika karamu. Chura alipomsalimu, Moto akauliza, "Wewe nani?" Alikuwa hakumbuki kitu, wala hakujua kama aliwahi kuzimika. Lakini Kamongo alirudi kwenye bao lake, akaendelea palepale alipoachia, na jioni ileile akameza kete.

Kakakuona akasema, "Kumbe si kila kinachorukaruka ni hai, wala si kila kilichotulia ni mfu. Kilicho hai hula, hunywa maji, hupumua, hukua, huzaa. Lakini kikilala, msiharakishe kukizika. Kiguseni kwanza, mngoje kidogo."

Tangu siku ile Fisi hapangi tofali tanuruni kabla hajalibishia hodi. Hodi, hodi, hodi! Mara tatu.

Hadithi yangu imefika kwake, nami nimefika kwangu. Atakaye kuongeza na aongeze chumvi. Nilikuwepo kwenye ngoma ile, nikapewa tofali moja la zawadi. Liko chini ya kitanda. Mke wangu anasema ni tofali tu. Mimi kila asubuhi nalimwagia maji kidogo, na juzi, wallahi, lilipiga chafya.