Nyani Aliyewabembeleza Watoto wa Sange

Hadithi imefunikwa!

— Ifunue tuione.

Ina moto!

— Tutaipuliza.

Ina wenyewe!

— Wataje majina.

Nitawataja. Mwenye nyumba alikuwa Sange. Nasema Sange, si Panya. Panya ni mnene na pua yake ni fupi. Sange ana pua ndefu, nyembamba, inayochezacheza wakati wote kama inayosikiliza habari, na miguu yake ni miembamba, ya mbio. Watu wengi huwachanganya hawa wawili, na si vizuri.

Sange alikaa chini ya mzizi wa mvule, katika msitu wa Mkungumoto, yeye na watoto wake saba. Kwa kufuata kuzaliwa kwao, majina yao ni haya: Mwanakheri, Mwanapili, Makame, Mwatime, Makungu, Mwanaidi, na wa mwisho Kidawa. Kidawa alikuwa ametoka kuugua homa. Uji aliukataa, viazi alivikataa, wadudu aliwageuzia uso. Kitu kimoja tu kilipita kooni mwake: mkate wa kumimina, ule wa mchele na tui la nazi, aliouoka mama yake.

Wa pili katika hadithi hii ni Nyani. Nasema Nyani, si Tumbili. Tumbili ni mdogo na uso wake ni mweusi. Nyani ni mkubwa, ana pua kama ya mbwa, na akikaa anakaa kama mwenye shamba. Nyani huyu hakushika jina la mtu yeyote. Mkubwa alimwita "wewe", mdogo alimwita "wewe", na Sange alimwita "wewe Panya".

Basi, kila siku baada ya chakula cha mchana Sange aliwalaza watoto. Walipolala ndipo alipooka, kwa sababu mwenye watoto saba macho hana mkono wa kushika mwiko. Mchele alikuwa ameuloweka tangu jana yake. Aliusaga, kwaru-kwaru, kwaru-kwaru. Akatia tui zito, vuguvugu, maana tui la moto huua hamira. Akatia hamira, sukari na iliki, akaupiga kwa mwiko, pwata-pwata, pwata-pwata, akaufunika kwa kitambaa, akauacha upumzike. Ulipoumuka alivunja yai, akapiga, akamimina katika sufuria iliyopakwa mafuta, akafunika. Makaa machache chini, makaa mengi juu. Kisha akasubiri.

Siku ya kwanza harufu ya iliki ikatoka, ikapita mvule, ikafika kwa Nyani. Puu, puu, puu, akaja. Hakupiga hodi.

"Wewe Panya! Nipe mkate."

"Mimi ni Sange, Bwana Nyani. Na mkate huu ni wa watoto."

"Nipe mkate, ama nipige kelele waamke."

"Hutafanya hivyo. Nawe ulikuwa mtoto."

"Bwoho!" alibweka Nyani. "Bwoho! Bwoho!"

"Nyiii! Nyiii!" Wote saba wakaamka kwa mshtuko, wakalia. Huyu anataka kubebwa, yule anataka maji, Kidawa anatetemeka mwili mzima. Sange akambeba huyu, akamnyamazisha yule, na alipogeuka, Nyani alikuwa amekwisha kula mkate wote na analamba kifuniko.

Siku ya pili, puu, puu, puu.

"Wewe Panya! Nipe mkate, ama nipige kelele waamke."

Sange aliwatazama watoto. Kidawa alikuwa amelala kinywa wazi, na usingizi ndiyo dawa pekee aliyokuwa nayo. Sange akautoa mkate. Nyani akala amesimama.

"Mtamu," alisema. "Lakini mdogo. Kesho ongeza."

Jioni ile Kidawa aliomba mkate. Mama yake akampa uji. Kidawa akaufumba mdomo, na Sange akaona mbavu za mwanawe zinahesabika. Akaenda kutazama mtungi wa mchele. Ulibaki wa mkate mmoja. Akauloweka.

Siku ya tatu Sange alianza mapema, watoto wakiwa bado macho: akasaga, akapiga, akafunika, akamimina. Ndiyo kwanza aweke makaa juu ya kifuniko. Watoto nao walikuwa wamelazwa sasa hivi, hata joto la mkeka hawajalipata. Ghafla, puu, puu, puu! Tamaa ilikuwa imemtoa Nyani kwake mapema.

"Wewe Panya! Nipe mkate, ama nipige…"

"Shhh!" Sange aliweka kidole mdomoni. "Bwana Nyani, polepole! Unataka uushushe?"

"Niushushe nini?"

"Mkate. Si uliniambia niongeze? Leo nimeweka hamira iliyochangamka, utakuwa mkubwa kama kichwa chako. Lakini bado mbichi."

Nyani akanyoosha mkono kwenye kifuniko.

"Usifunue! Ukifunua sasa, baridi itaingia, utashuka katikati, uwe bapa kama kandambili. Na kelele pia huushusha. Mtoto mmoja akilia, unashuka. Wakilia saba, ni uji."

Kuhusu kifuniko, Sange alisema kweli tupu. Kuhusu kelele, aliongeza chumvi.

Nyani alirudisha mkono. Akashusha sauti. "Basi walale hao!"

"Ndiyo shida yangu. Hawajalala. Mimi siwezi kuondoka hapa, makaa yatazima. Na hakuna wa kuwabembeleza."

Nyani akakuna kichwa. Akautazama mkate. Akawatazama watoto. Akautazama mkate tena.

"Kubembeleza ni kazi gani? Nitawabembeleza mimi."

"Wewe, Bwana Nyani? Kazi yenyewe ina masharti."

"Yaseme."

"Kwanza kunywa hili tui lililobaki, lina sukari, sauti ilainike. Kisha lala pamoja nao mkekani, maana mtoto halali mbele ya mtu aliyesimama. Fumba macho, maana wakiyaona yako wazi, nao watafumbua. Halafu imba polepole, umtaje kila mmoja kwa jina lake, kuanzia mkubwa mpaka mdogo. Ukikosea jina, mwenyewe anaamka, na unaanza upya."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu. Ukifika kwa wa mwisho, wote watakuwa wamelala, na mkate utakuwa umeiva."

Akamtajia majina. Mwanakheri, Mwanapili, Makame, Mwatime, Makungu, Mwanaidi, Kidawa. Wakati huo Mwanakheri alikuwa amefumbua jicho moja. Alimtazama mama yake. Mama yake alimtazama. Mwanakheri akalifumba jicho, akawafinya wadogo zake kidogo chini ya shuka.

Nyani akanywa tui, gubu-gubu-gubu. Akajilaza. Mkeka ulikuwa kivulini, upepo ulikuwa mdogo, tumbo lilikuwa vuguvugu. Njiwa mmoja juu ya mvule akalia, "Kuu, kuu."

"Nyamaza wewe!" alinong'ona Nyani kwa hasira. "Huoni watoto wanalala?"

Naam, ndiye yeye, yule wa bwoho-bwoho. Kisha akafumba macho, akaanza:

"Lala Mwanakheri, lala,
lala Mwanapili, lala,
lala Mwanakame…"

"Mimi ni Makame," alisema Makame.

"Kwani tofauti iko wapi?"

"Makame ni mimi. Mwanakame hatumjui. Anza upya, Mjomba."

Nyani akapumua. Akaanza upya, polepole zaidi:

"Lala Mwanakheri, lala,
lala Mwanapili, lala,
lala Makame, lala,
lala Mwaaatime, lala,
lala… Makame…"

"Makungu!" alisema Makungu. "Makame umeshamlaza. Anza upya, Mjomba."

"Mama yenu," alisema Nyani, na alipiga mwayo uliofika masikioni, "hakupata… majina mengine?"

Akaanza mara ya tatu. Sauti yake sasa ilikuwa ya chini, kama maji ya kisima.

"Lala Mwana… kheri… lala,
lala Mwana… pili… lala,
lala Ma… Mwa… lala…
lala…
khooo… pyuu. Khooo… pyuu."

Kila mzazi anayejua kubembeleza atakuambia nani hulala wa kwanza. Nyani hakuwa mzazi. Hakuna aliyemwambia.

Watoto wakasikiliza. Khooo… pyuu. Mwanakheri akainuka kwa ncha za vidole, akafuata Mwanapili, akafuata Makame, akafuata Mwatime, akafuata Makungu, akafuata Mwanaidi. Kidawa akabebwa.

Sange alichukua kijiti cha ukuti, akakichoma katikati ya mkate, akakichomoa. Kilikuwa kimekauka. Hicho ndicho kipimo. Kikitoka na ubichi, rudisha kifuniko na uwe na subira. Akaacha sufuria ipoe kidogo, ili mkate using'ang'anie, akaupindua juu ya sinia. Ulikuwa wa kahawia juu na chini, na ndani ulikuwa na matundu kama sega la nyuki.

Kipande cha kwanza alipewa Kidawa. Alikinusa. Akakitia mdomoni. Wote waliacha kutafuna, wakamtazama. Kidawa akameza.

"Kingine," alisema Kidawa.

Sange akageuka upande kwa kisingizio cha kufuta moshi machoni, ingawa makaa yalikuwa yamekwisha kuzima.

Mkate uliliwa. Watoto wakaanza mchezo wao wa kawaida, yaani kukimbizana na kupiga kelele, na mlima walioupanda na kushuka ulikuwa tumbo la Nyani. Mwatime aliteleza akashika sharubu. Nyani akafumbua macho.

Aliona sinia. Sinia ilikuwa tupu.

"Wewe Panya! Mkate wangu uko wapi?"

"Umeiva, Bwana Nyani, umeliwa. Tuliona vibaya kukuamsha."

"Nipe mkate, ama nipige kelele! Bwoho! Bwoho! Bwoho!"

"Bwoho!" waliitikia watoto kwa furaha, wote saba. "Bwoho! Tena, Mjomba!"

"Piga tu," alisema Sange. "Leo utamwamsha nani?"

Nyani alikaa chini, na kwa mara ya kwanza hakukaa kama mwenye shamba.

Kidawa akamsogelea akiyumba, maana miguu yake ilikuwa bado dhaifu, akamwekea kiganjani kitu kidogo. Ulikuwa ukoko, ule wa pembeni mwa sufuria, ulioungua kidogo.

Nyani akautazama. Akautafuna polepole.

"Wewe unaitwa nani?"

"Kidawa."

"Ahsante, Kidawa," alisema Nyani. Jina alilitaja sawasawa.

"Mchele wangu umekwisha," alisema Sange, "na nazi zimebaki machicha tu. Wewe una nguvu za kupanda. Lete mchele na nazi, uje saa ya kulaza watoto. Siku utakayoimba mpaka kwa Kidawa bila kukosea na bila kulala, nusu ya mkate ni yako."

"Nusu nzima?"

"Nusu nzima, Bwana Nyani."

"Kesho tu, Mama Sange. Kesho namaliza."

Kesho yake alikuja, na nazi nne na kikapu cha mchele. Akapiga hodi. Akajilaza, akaimba, akafika kwa Mwatime. Khooo… pyuu. Keshokutwa akafika kwa Makame tu. Safari moja alifika kwa Mwanaidi, na msitu mzima ulizungumza habari hiyo. Kidawa alinenepa, na kila siku alimwekea mlezi wake ukoko. Mpaka leo Nyani anasema kesho atamaliza.

Mafunzo ya hadithi hii ni mawili. La kwanza: usijifunze majina ya watoto wa jirani, yanaleta usingizi. La pili: alalaye mchana ndiye apataye mkate.

Na kama kuna mmoja hapo mkekani anayetaka kuniuliza mbona Nyani alilala akaukosa, huyo bado hajalala, nami namjua kwa jina. Mkate wetu uko jikoni. Makaa machache chini, makaa mengi juu.

Hadithi nimeifunika. Asiinue mtu kifuniko.