Alama ya Njano

Wahenga hawakuwa wakizungumzia nguo waliposema kwamba mficha uchi hazai. Walimfikiria mtu aliyepungukiwa, akaona haya kusema, akaufunika upungufu wake hata jambo alilolitamani likamfia mikononi. Mtu wa aina hiyo si lazima awe mbaya. Mara nyingi ni mtu mwema, mchapakazi, mwenye mikono iliyozoea kusifiwa. Lionel Wragg alikuwa mtu wa namna hiyo.

Lionel alikuwa mchonga mawe wa Wirksworth, huko Derbyshire. Makaburi mengi ya kanisani yalibeba majina aliyoyachonga yeye, herufi zimenyooka kama askari wa gwaride. Alipostaafu alinunua vipande vya gari dogo la michezo, lile jepesi lisilo na milango wala paa, ambalo mnunuzi hulijenga mwenyewe nyumbani. Injini na gia alizitoa kwenye Mazda kuukuu iliyogongwa ubavuni. Kuanzia hapo, jirani akimuulizia, mkewe Hilary alijibu, "Yuko gereji. Mwenzangu ana mimba ya chuma."

Mimba ilikua vizuri mpaka baridi yabisi ilipobisha hodi. Vidole vya mkono wa kulia vilivimba vifundo kama tangawizi. Kalamu ilimshinda, kikombe kilimponyoka, na spana ya kipimo, ile inayolia "ta!" nati ikishakazwa vya kutosha, ikawa adui yake. Lionel hakumwambia mtu. Alijua mwisho wa wanaosema. Kila mara aliona kwenye matangazo ya magari: "Halijakamilika. Linauzwa kwa sababu za afya." Gari hili lilikuwa kazi ya mwisho ambayo mikono yake ingeiacha duniani, na hakutaka limalizike kwa tangazo.

Sasa, wajenzi wa magari hayo wana desturi moja. Nati ikishakazwa sawasawa, huchorwa mstari wa rangi unaoanzia kwenye nati na kuishia kwenye chuma kilicho chini yake. Mstari ukikatika, ujue nati imezunguka. Katika chama cha wajenzi alichokuwamo Lionel, mstari huo ulikuwa kiapo. Hakuna aliyerudia kukaza nati yenye rangi ya mwenzake, kwa maana kufanya hivyo kulikuwa sawa na kumwita mwongo.

Alasiri moja ya baridi, Lionel alivuta spana mpaka maumivu yakampanda begani, na ile "ta!" haikuja. Akachukua kalamu yake ya njano, akachora mstari. "Nitarudi kuikaza mkono ukitulia," alijiambia. Kesho yake rangi ilimtazama kama shahidi aliyekwisha kula kiapo, naye akapita. Nati ya kwanza ikaita ya pili. Majira ya kuchipua yalipofika, yeye mwenyewe hakuweza tena kutenganisha njano ya kweli na njano ya uongo.

Siku ya ukaguzi wa serikali, ambao bila huo gari haliruhusiwi barabarani, ilipokaribia, alilipakia gari kwenye trela, akalipeleka kwa rafiki yake Roland Eyre, mfugaji wa kondoo, ili walijaribu kwenye njia ya shambani kwake. Harjit Bhogal, mwalimu wa hesabu kutoka Derby, alikuwa amekwisha kufika. Wote wawili walikuwa wamejenga magari kama hilo.

"Haya, mzee wa makaburi!" Roland alipaza sauti. "Umetuletea mtoto au maiti?"

"Mtoto. Tena analia vizuri kuliko trekta lako."

Harjit alilizunguka gari akipapasa kila ukingo kwa kidole gumba, kwa sababu wakaguzi hawapitishi kitu chenye makali. Kisha akachomoa spana yake. "Nikupitishie nati za mbele?"

"Zote zina rangi," Lionel alisema upesi.

Harjit aliirudisha spana mkobani papo hapo. "Basi yamekwisha."

Imani ile ilimchoma Lionel kuliko tusi. Lakini Hilary alikuwa tayari amejipenyeza kwenye kiti cha abiria, kitambaa kichwani, akifunga mkanda.

"Shemeji," Roland alimwambia, "ukiona amefumba macho, ruka."

"Nimeishi naye miaka yote hii, nimezoea kuruka."

Wakaondoka taratibu. Katika magari haya, magurudumu ya mbele yako nje ya bodi, na dereva huyaona yakicheza mbele yake pamoja na vyuma vinavyoyashikilia. Gari lilinguruma, Hilary akacheka kama msichana, na kwa kitambo kidogo Lionel alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Derbyshire. Kisha jicho lake likaangukia nati ya juu, upande wa kulia.

Mstari wa njano ulikuwa umekatika. Nusu moja ilitazama mbinguni, nusu nyingine ilitazama shambani.

Alikanyaga breki. Roland akaja akichechemea na goti lake bovu, Harjit nyuma yake. "Vipi? Mafuta yamekwisha?"

Neno moja lilitosha. Angesema "ndiyo," wangelisukuma gari mpaka kwenye trela, na nyumbani angejifungia na siri yake kama kawaida. Midomo ilikwisha kufunguka. Ndipo Hilary, bado akicheka, alipoweka kiganja chake juu ya goti la mumewe, na Lionel akaizima injini.

"Hilary, shuka."

"Kuna nini?"

"Shuka, mpenzi. Gari hili si salama. Nimewadanganya nyote." Akauinua mkono wake wa kulia, vidole vimejikunja. "Huu haukazi tena. Nimepaka rangi nati ambazo sikuzikaza, na sijui ni zipi."

Harjit alipiga magoti, akaigusa nati ile. Ilizunguka kwa vidole viwili. Aliponyanyuka, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Kona moja ya barabarani, Lionel. Kona moja tu! Tungewazika wewe na huyu mama. Na nani angewachongea majina?"

Lionel aliinamisha kichwa. Hilary alikuwa ameshuka, amesimama mbele yake. "Mkono naujua," alisema polepole. "Nausikia usiku ukiumia kabla hujaguna. Nilikuwa nangoja uniombe. Sikujua kwamba ungenipakia mimi garini kabla ya kuniomba."

Hapo machozi yakamtoka mzee wa watu. "Nisamehe. Niliogopa mtasema niliuze."

"Liuzwe?" Roland alifoka. "Unadhani nyaya za gari langu nilizifunga mwenyewe? Mimi nyekundu na kijani kwangu ni uji mmoja! Kila waya kafunga Harjit. Mimi nilimshikia taa na kumkatia keki."

"Na alikula nusu ya keki," Harjit alisema. Hasira yake ilikuwa imeanza kulegea.

"Hukuwahi kuniambia," Lionel alinong'ona.

"Hukuwahi kuuliza. Kila tukija kwako unatupokea mlangoni na chai, unatuaga na chai, gereji hatuioni," Roland alijibu.

Wakaifuta njano yote kwa spiriti, ya kweli na ya uongo, wakaanza upya. Lionel aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alizijua nati zote kwa moyo, mahali pake na mkazo wake. Alitaja, wao wakakaza. Harjit alichukua kalamu ya buluu. Hilary alipewa nyekundu, na spana ilipolia "ta!" mkononi mwake kwa mara ya kwanza, aliruka kama aliyeumwa na siafu, kisha akadai nati nyingine. Roland alishika ya kijani, akauliza mara kwa mara kama kweli si ile ya shemeji.

Siku ya ukaguzi, mkaguzi aliingia chini ya gari na tochi, akakaa huko hata chai ya Hilary ikapoa. Aliukataa ukingo mmoja karibu na kioo; Harjit akachomoa kipande cha mpira mfukoni, akaufunika. Hatimaye mkaguzi akauliza, "Mbona nati zimevaa kama watoto wa sikukuu? Mjenzi ni nani hasa?"

"Ni mimi," Lionel alijibu. Kisha akawaonyesha wale watatu kwa mkono ule uliokunjamana, bila kuuficha. "Na hawa ndio mikono yangu. Nawashukuru kuliko ninavyoweza kusema."

Mkaguzi akatia saini.

Walirudi kwa njia ya vilimani, Hilary akiwa kwenye usukani. Lionel aliketi kando yake, upepo ukimpiga usoni, akiitazama mistari ya mbele, buluu, nyekundu na kijani, kila mmoja mzima kutoka nati hadi chuma. Majirani walitoka milangoni kumwona mtoto aliyesubiriwa muda mrefu. Lionel angelea siri yake siku chache zaidi, wangetoka kumzika. Hakika wahenga walisema kweli: mficha uchi hazai.