Simba Aliyekataa Sindano

Mwaka ule mvua ilipokataa kuja, mwituni lilibaki dimbwi moja. Na hilo moja Simba alikuwa analimaliza. Anakunywa, anakojoa, anarudi kunywa. Ngozi inamning'inia kama koti la kuazima, ila kiburi hakijakonda hata kidogo.

Wanyama wakamleta Nungunungu, daktari wao. Akampima.

"Mtukufu, una kisukari. Kwenye kongosho lako mna seli ndogo ndogo zinazotengeneza insulini. Insulini ndiyo inayoifungulia sukari mlango, iingie mwilini ikupe nguvu. Seli zako hizo karibu zote zimekufa. Sukari inazurura kwenye damu, mwili una njaa, na kiu haikatiki. Tiba ni sindano ya insulini, kila siku."

"Mimi, mfalme, niangushwe na vidude ambavyo hata havionekani?" Simba akanguruma. "Halafu nichomwe na wewe? Toka!"

Sungura akajipenyeza. "Shikamoo, mtukufu. Seli gani bwana! Maneno ya wasomi hayo. Kitamu dawa yake kichungu. Kunywa mwarobaini wangu siku saba, umepona. Mimi sitaki kitu. Labda tu niwe nakunywa maji kabla ya wenzangu."

"Huyu ndiye mtoto mwenye adabu!" Simba akasema.

Lakini mwarobaini ukamshinda kooni, maskini shujaa wetu. Sungura, kwa huruma zake, akautia asali, kibuyu kizima. Simba akalamba mpaka kizibo.

Siku ya saba Sungura akawakusanya wote. "Mfalme kapona! Pigeni vigelegele!"

Simba akainuka apokee pongezi, akayumba, mkojo ukamponyoka mbele ya wote. Kabla haujakauka, sisimizi wamejipanga mstari kama wageni walionusa pilau.

"Mnafuata nini hapo?" Nungunungu akauliza.

"Sukari, daktari," sisimizi mmoja akajibu, mdomo umejaa. "Ya leo imeizidi ya jana."

"Ndiyo inatoka hivyo!" Sungura akadakia. "Inatoka yote!"

"Itaisha lini, mwanangu?" Simba akauliza, sauti imemkauka. "Maana naona nitaanza kuisha mimi."

Sungura akajificha nyuma ya kibuyu chake. Simba akafumba macho, akamtolea Nungunungu paja. Alipochomwa, mfalme wa nyika akalia nyau.

Siku chache tu, kiu ikatulia na dimbwi likapumua. Sungura akasukumwa mwisho wa foleni, nyuma ya Fisi, ambako maji hufika yakiwa tope.

"Karibu, msomi," Fisi akamwambia. "Lamba, kichungu ndiyo dawa."

Njia ya mwongo ni fupi.