Ukili wa Kijani

Hapo zamani, si zamani ya mababu, zamani ya juzi tu, palikuwa na mama kijana, Somoe, kamaliza kidato cha nne, ana mtoto mmoja, Shaweji, anayeota meno na kutafuna kila anachoshika.

Jirani nao palikuwa na maabara ya wapima mawe. Ilipofungwa, mtunzaji wake, Bwana Chilumba, aliagizwa arudishe kemikali zote mjini. Chupa moja ya unga wa kijani ikamsumbua, haikuingia sandukuni, akaitupa jalalani. Akanyamaza.

Bi Asumini, mama mkwe wa Somoe, akaiokota. Mkeka wa harusi ya binti yake ulikosa rangi ya kijani, na dukani imekwisha. Alipoifungua, unga ukavuta unyevu, ukalowa kama chumvi wakati wa masika, ukatoa harufu ya kuchoma pua. Akakohoa, akakohoa. Akanyamaza. Akampelekea mkwewe.

"Haya, msomi wetu, hii ni nini?"

Somoe akasoma lebo: kloridi ya urani. Urani aliisikia darasani, mambo ya mabomu na umeme, lakini siku ya somo lile hakuelewa, na mawifi wanamtazama, wanachekea kwenye kanga, akaona haya kusema sijui.

"Kloridi ni chumvi, mama. Kama ya mezani."

Wakautia unga majini, ukayeyuka, maji yakawa kijani cha kupendeza, wakachovya miyaa ya mkeka. Somoe akasuka ukili, Shaweji mapajani anatafuna ncha. Somoe akaona. Akanyamaza.

Mtoto akavimba uso, nepi zikabaki kavu. Hospitalini daktari akasema figo zimeumia, akauliza kala nini. Wakwe wote wamesimama pale. Somoe akajifunika uso, akasema yote, hata ile chumvi ya mezani. Daktari akapata pa kuanzia.

Mumewe, Mfaume, akafika kutoka safarini. Lebo ya chupa ikamfikisha kwa Chilumba, akamleta hospitalini, akasema aliyemdhuru mwanawe apige magoti.

"Mimi nilitupa," akasema Chilumba, "sikumpa mtu."

"Mimi sijui kusoma," akasema Bi Asumini. "Nilimuuliza anayejua."

"Mimi niliogopa kuchekwa," akasema Somoe.

Hapo Shaweji akakojoa, mara ya kwanza tangu alazwe, akamlowesha mamake. Somoe hakuthubutu kujifuta.

Haya, nyie mnaosikiliza, msiangalie chini: aliyetupa, aliyeokota, na aliyeona haya kusema sijui, nani alistahili kutangulia kupiga magoti?