Kanga Wawili Waliopeana Mgongo

Hapo zamani, wala msinitazame hivyo, si zamani ya masultani na majini, ni zamani ya juzi tu yenye simu na umeme wa kukatika, palikuwa na karakana ya samani mjini Tanga, na ndani yake mafundi watatu na viti viwili.

Naanza na viti kwa sababu ugomvi wote huu ni wa mahali pa kukaa.

Kiti cha kwanza kilikuwa cha Mzee Shekivuli, seremala, mtu wa upara unaong'aa na maneno machache. Cha pili kilikuwa cha Mbaruku, fundi rangi, mtu wa ndevu nyingi na maneno mengi kuliko ndevu. Wa tatu alikuwa Mwanakheri, na Mwanakheri alikalia kopo la rangi. Kopo tupu, lenye ukingo. Kila akiinuka, duara la kopo lilikuwa limejichora nyuma ya gauni lake, na mtaa mzima ukajua binti anatoka kazini.

Mwanakheri alikuwa na mashine ya kukata stika. Anachora kwenye kompyuta, mashine inashusha kisu chake kidogo, inakwenda mbele na nyuma ikilialia kama mtoto wa paka, na karatasi ya plastiki yenye gundi inatoka imekatwa ua, jani, nyota, chochote. Mwanzo alikuwa akikatia bodaboda majina. Siku moja akagundua kwamba stika hiyohiyo ukiibandika kwenye mbao, ukapaka rangi juu yake, kisha ukaibandua, unapata pambo ambalo mkono wa mtu hauwezi kulichora hata ukiapa. Akahamishia mashine karakana. Makabati yakapendeza, vitanda vikapendeza, wateja wakaja mpaka kutoka Muheza.

Na bado wakamwita "binti wa stika". Mzee Shekivuli ni fundi. Mbaruku ni fundi. Hata yule aliyekuja mara moja tu kubadilisha soketi, naye aliitwa fundi, akaletewa na chai. Mwanakheri alikaa miaka mitatu juu ya kopo akiwa binti wa stika. Alikuwa akicheka nao, lakini ilimuuma.

Basi siku moja akaingia Bi Mwanasiti, mjane wa marehemu Fundi Kombo. Fundi Kombo alikuwa seremala aliyewashinda maseremala wote wa mji ule, na alipokufa aliacha kiti kimoja cha mvule, cha mikono, pale barazani kwake. Hakikukaliwa tena na mtu. Kuku mmoja mwekundu tu ndiye aliyekitamani, na kila asubuhi Bi Mwanasiti alimfukuza kwa ufagio.

"Shikamoo, Bibi," wakasema wote watatu.

"Marahaba, wanangu. Mjukuu wangu Mwajabu anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Nataka kabati la vyombo, la milango miwili. Kila mlango kanga mmoja, ndege yule wa madoadoa. Milango ikifungwa, kanga watazamane, mdomo kwa mdomo, kama maharusi. Mmesikia?"

"Tumesikia, Bibi."

"Bado sijamaliza. Tangu Kombo aondoke sijatoa hata chozi moja. Siku ya msiba nilikaa macho makavu kama mchanga, na watu wakasema. Wakasema sikumpenda. Chozi liko humu, limenikaa kifuani mwaka wa pili huu, halitoki. Sasa, atakayeniliza kwa kabati hilo, ndiye atakayekalia kiti cha Kombo, harusini na maisha yake yote. Na mtaa mzima utamwita Fundi. Mimi mwenyewe nitasimamia."

Mzee Shekivuli akapapasa upara. Mbaruku akachana ndevu kwa vidole. Mwanakheri akahisi ukingo wa kopo ukimbana kuliko siku zote.

Kazi ikaanza.

Mzee Shekivuli akajenga kabati la mninga. Na Mzee Shekivuli ana itikadi yake: kwake yeye kabati ni kama mtu. Lina uso, lina mgongo, lina miguu, kwa hiyo lina mikono yake pia. Kulia kwa kabati ni kulia kwake lenyewe, si kulia kwako wewe unayelikodolea macho. Akachukua chaki, akaandika nyuma ya mlango mmoja "kulia", nyuma ya mwingine "kushoto", kwa mikono ya kabati. Hakumwambia mtu. Nani asiyejua?

Mwanakheri akachora kanga wawili, mmoja anatazama huku, mmoja anatazama kule. Kila kanga madoa mia mbili na kumi na mawili. Mashine ikakata, naye akachukua sindano, akachokonoa plastiki yote ya mwili wa ndege, akaacha madoa peke yake, kila doa dogo kama punje ya mtama. Doa likikaa mahali pake, rangi haipiti hapo. Alichokonoa siku mbili. Alifikia hali ya kula wali punje mojamoja. Alipomaliza, akaandika juu ya stensili moja, yaani stika hiyo iliyochokonolewa, "kulia" na juu ya nyingine "kushoto", kama aonavyo mtu anayelitazama kabati. Hakumwambia mtu. Nani asiyejua?

Mbaruku akaweka rangi ya maziwa kwenye milango, ikakauka. Akachukua stensili ya kulia, akaibandika kwenye mlango wa kulia. Akachukua ya kushoto, akaibandika kwenye mlango wa kushoto. Mmoja akaupaka rangi nyeusi Jumatatu, mwingine Jumanne, kwa sponji, taratibu, huku akijisifu. Hakuiweka milango hiyo pamoja hata mara moja. "Mimi nikipaka rangi," alisema, "sitazami pembeni." Hakumwuliza mtu. Nani aulizwe?

Na ile Jumanne, kabla sponji haijagusa, Mzee Shekivuli aliinama kupuliza vumbi la msasa. Upara ukagusa mlango. Alipoinuka, doa moja likainuka naye. Lilikuwa doa la jicho. Hakuna aliyeona. Mzee wa watu akatembea na jicho la kanga kichwani siku tatu, akaenda nalo sokoni, akarudi nalo, na watu wakadhani ni dawa.

Ijumaa wakaitundika milango. Wakaifunga. Wakarudi nyuma hatua tatu kulitazama kabati.

Kanga walikuwa wamepeana mgongo.

Huyu anatazama ukuta wa huku, yule anatazama ukuta wa kule, mikia ndiyo imekutana katikati. Na yule wa pili hana jicho, kama mtu aliyelala.

"Tuibadilishe milango," akasema Mwanakheri.

"Bawaba nimeshazichimbia," akasema Mzee Shekivuli. "Na mlango mmoja una ulimi, unamlalia mwenzake. Ukiibadilisha halifungi mpaka kiama."

"Tupake upya basi."

"Harusi kesho," akasema Mbaruku. "Rangi hii inataka siku mbili."

Na nje mkokoteni ulikuwa umeshafika.

Wakalifunika shuka, wakalipeleka. Nyumba ya Bi Mwanasiti ilijaa wanawake, midomo imeshajipanga kwa vigelegele. Shuka likavutwa. Kigelegele kikaanza, kikakatikia njiani.

"Salaala!" akasema shangazi mmoja. "Hata hawajaoana, wameshaachana."

Mwajabu, bibi harusi mwenyewe, akaanza kulia. Lakini chozi lililotakiwa halikuwa lake.

Bi Mwanasiti akauliza taratibu, "Nani aliyenifanyia hivi?"

Mzee Shekivuli akasema, "Si mimi. Mimi ni mbao. Ndege si wangu."

Mbaruku akasema, "Si mimi. Mimi ni rangi. Nimebandika walivyoandika."

Wakageuka wote wawili kumtazama Mwanakheri. Naye jibu alikuwa nalo, tayari ulimini: aliandika sawa, hata akiulizwa na kadhi. Lakini akamtazama yule bibi, akawatazama kanga, kichwa kikamwinamia. Aliona aibu, tena aibu ya kweli.

"Ni mimi, Bibi," akasema. "Nisamehe."

Bi Mwanasiti alilisogelea kabati. Akamgusa yule kanga asiye na jicho. Kisha akaangua kicheko, kicheko cha kushika mbavu, akakaa chini sakafuni, na kicheko kikageuka katikati kikawa kilio.

"Ni sisi!" akasema. "Huyu mimi, na huyu Kombo! Miaka arobaini na mmoja! Tukigombana ananigeuzia mgongo, anafumba macho, anajifanya amelala! Nami nampa wangu. Halafu kimyakimya, mguu wake unakuja kutafuta wangu. Waoneni! Migongo imenuna, mikia imegusana! Kombo, ewe Kombo!"

Akalia machozi ya siku ile ya msiba na ya mwaka wa pili huu. Mtandio ukalowa, akapewa mwingine, ukalowa. Na wale waliosema hakumpenda wakatafuta mahali pa kuweka macho yao.

Alipotulia akasema, "Nani aliyenifanyia hivi? Aje akalie kiti."

Hapo ndipo mngewaona!

"Ni mimi!" akasema Mzee Shekivuli.

"Ni mimi!" akasema Mbaruku.

Mzee Shekivuli, yule wa maneno machache, akayapata mengi ghafla. "Kosa ni la chaki yangu! Bila kulia ya kabati, ndege wangetazamana kama ndege wa kila mtu. Na hilo jicho lililofumba, nani kalifumba? Tazameni!" Maana Mwajabu alikuwa amelibandua doa kutoka kwenye upara wake. "Shahidi huyu hapa!"

"Chaki haina mikono," akasema Mbaruku. "Nani aliyembandika kila kanga alipo? Mikono hii. Nani hakutazama pembeni? Macho haya. Ningetazama mara moja tu, Bibi angekufa na chozi lake kifuani."

Mwanakheri akasema, "Ndege ni wangu. Madoa mia nne na ishirini na manne, kwa sindano. Na lilipokuwa kosa mlilikimbia, nikabaki nalo peke yangu. Leo limekuwa baraka, mwataka kuninyang'anya?"

"Ulisema ni wewe, na si wewe," akasema Mbaruku. "Njia ya mwongo ni fupi, dada yangu."

"Na mambo yangekwenda utakavyo wewe," akaongeza Mzee Shekivuli, "ndege wangetazamana, na Bibi asingelia."

Hilo lilikuwa kweli, naye Mwanakheri akalikubali kwa kichwa, kisha akasema, "Na bila ndege wangu, mngesimama nyinyi wawili hapo mlangoni mmepeana mgongo."

Wanawake wakacheka. Bi Mwanasiti akafuta macho, akamtazama huyu, akamtazama yule, akakitazama kiti.

"Kombo angejua la kuamua," akasema. "Lakini naye angegeukia ukutani."

Harusi ikapita, pilau likaliwa, kabati likaenda kwa Mwajabu, na inasemekana huko nako kuna siku mikia tu ndiyo inayosemeshana. Mzee Shekivuli amerudi kwenye kiti chake. Mbaruku amerudi kwenye chake. Mwanakheri yuko juu ya kopo, na kila akipita mtu mlangoni yeye anainua macho, akidhani ameletewa hukumu.

Sasa hukumu ni yenu. Mmoja alilianzisha kosa bila kujua, mmoja alilitia mkono bila kutazama, mmoja alilibeba bila kuwa lake. Kiti ni kimoja, kukigawanya kwa msumeno mwenye kiti hataki. Na msijifanye mnawaza mpaka kesho, kwa sababu Bi Mwanasiti siku hizi anachelewa kushika ufagio, yule kuku mwekundu ameshataga mayai manne juu ya mvule wa marehemu, na leo asubuhi ameanza kuatamia. Je, nani alistahili kukikalia?