Fisi Aliyekwenda Njia Tatu

Pawepo!

— Pasiwepo!

Viwe vyote viwili!

— Kwa wakati mmoja!

Mmeitikia kinyonge kama watu waliokula makande ya juzi. Haya, mtaamka mbele ya safari. Anayelaumiwa kwa ngano hii ni Nakijwa, binti wa kaka yangu. Amerudi kutoka shule ya bweni na habari kwamba dunia yote hii, na milima yetu, na mimi shangazi yake, huenda ni mchezo tu unaochezwa ndani ya kompyuta ya mtu mwingine. Nimefundisha fizikia miaka ishirini na saba, na hakuna mwaka uliopita bila mwanafunzi kuniuliza jambo hilo. Wenye vitabu wana jibu lao, refu. Mimi ninalo hili. Wazee walituonya kwamba ngano za mchana huotesha pembe, lakini pembe zangu nimeshazizoea. Chambueni maharage mkisikiliza, nisije nikavunja jino kwa kokoto ya ngano yangu mwenyewe.

Basi, palikuwa na Bi Sange. Sange mnamjua? Ni mnyama mdogo kama panya, pua ndefu, miguu myembamba, na akiwa na jambo moyoni hupiga ardhi kwa miguu ya nyuma: ti-ti-ti, ti-ti-ti. Watoto wake wawili wa kwanza walichukuliwa na mwewe. Alipopata wa tatu akafanya kama wanavyofanya wengi waliofiwa, akampa jina baya ili kifo kisimtamani. Akamwita Takataka. Na huyo Takataka alimpenda kuliko pumzi yake.

Fisi naye mnamjua, simwelezi.

Siku moja ya kiangazi Bi Sange alikwenda kutafuta mchwa. Aliporudi akakuta shimo tupu. Nje palikuwa na nyayo kubwa, zenye kucha, mguu mmoja unaburutwa. Akajua. Akazifuata.

Akamkuta Fisi penye njia panda. Fisi alikuwa na chungu kikubwa alichokiokota mahameni, amekifudikiza mchangani, halafu amekikalia kwa makalio yake yote. Chini ya chungu ikasikika, kwa mbali: ti-ti-ti.

"Karibu, Bi Sange," Fisi akasema. "Nilikuwa nakusubiri. Huyu mmoja ni wa kupaka meno tu. Ingia naye, muwe wawili, angalau nijue nimekula."

Sitawaficha: Bi Sange aliogopa. Alitaka kulia. Lakini kulia mbele ya Fisi ni kujitia chumvi mwenyewe. Akakimeza kilio, akakaa chini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Ingia."

"Nitaingia. Kwanza nikuulize. Humo chunguni mna nini?"

"Mna mwanao."

"Unamwona?"

"Nitamwonaje na nimemfunika?"

"Basi yumo na hayumo."

Fisi akanusa. Fisi akafikiri. Fisi akameza mate.

"Yumo na hayumo ndiyo nini?"

"Kitu kisichotazamwa hakijaamua kiwe nini, mjomba. Sasa hivi humo chunguni Takataka yumo, na Takataka hayumo, na yote mawili ni kweli. Ukifunua ndipo linabaki moja. Funua kidogo tu, tuone."

Kidogo ndicho alichokitaka. Mwanya wa kidole ungemtosha Takataka kuchomoka. Fisi akashuka, akashika ukingo wa chungu. Bi Sange akakaza miguu. Halafu Fisi akaacha ukingo, akainama, akabandika sikio kwenye chungu.

Ti-ti-ti.

"Yumo!" akasema, akakalia tena. "Mimi si wa kufunua vyungu ovyo. Sikio nalo linatazama."

Na hapo, wanangu, Fisi ningempa alama zote. Sikio nalo ni kipimo. Msiwadharau mafisi, wako niliowafundisha walionishinda hivyo hivyo.

Bi Sange akajaribu mlango mwingine.

"Mjomba, umewahi kushiba?"

"Swali gani hilo?"

"Juzi ulikula nini?"

"Punda."

"Mzima?"

"Na kwato zake."

"Ukashiba?"

"Hapana."

"Wiki iliyopita ulikula nini?"

"Nyumbu wawili."

"Ukashiba?"

"Hapana," Fisi akasema, na sauti yake ilishuka.

"Hujiulizi kwa nini? Ni kwa sababu si nyama, mjomba. Sisi tunasimuliwa. Kuna mtu amekaa mahali, anafungua kinywa, ndipo panakuwa na njia, na mchanga, na mimi, na wewe. Akisema Fisi akala, unakula. Lakini hajawahi kusema Fisi akashiba."

Fisi akanusa. Fisi akafikiri. Fisi akafikiri tena, kitu ambacho hakuwa amekizoea.

"Huuu-wi," akasema polepole. "Kwa hiyo kuna mtu ndiye ameamua hivyo."

"Ndiye."

"Na mimi ndiye ninayeshindwa kila mara."

"Kila mara."

"Hata nikiwa na nguvu."

"Hasa ukiwa na nguvu, mjomba."

Fisi akainamisha kichwa. Naapa nilimwonea huruma. Hebu fikiria mtu anakwambia njaa yako ya miaka yote ni sentensi ambayo mwenzako amesahau kuimaliza. Lakini Fisi alipoinua kichwa, macho yalikuwa yanang'aa.

"Sikia, Bi Sange. Kama sisi ni maneno, basi mwanao naye ni maneno. Nikila maneno kuna ubaya gani? Unahangaika nini?"

Nyamazeni kidogo hapo. Nakijwa, acha maharage, nitazame. Swali hilo nimelisikia likijibiwa na maprofesa kwa dakika arobaini, na picha ukutani. Bi Sange hakuwa na dakika arobaini.

"Mjomba, njaa yako inauma?"

"Inauma."

"Inauma kweli, au inauma kwa maneno?"

Fisi akashika tumbo. "Inauma kweli."

"Basi na mimi mwanangu ananiuma hivyo hivyo. Awe wa nyama, awe wa maneno, nilimzaa kwa uchungu, na sina mwingine."

Fisi akatazama pembeni. Maneno yale yalimwingia, nawaambia, yalimwingia kabisa. Lakini hakuinuka juu ya chungu. Ukweli ulimgusa na bado makalio yalibaki pale pale. Ukweli peke yake haujawahi kumwinua fisi aliyekalia chakula.

Kwa hiyo Bi Sange akauweka ukweli kando, akarudi kwenye uongo.

"Mjomba, unasikia harufu ile? Kushoto kuna harusi, wanachoma mbuzi. Na kulia kuna nyati amefia matopeni, mnene, hana mwenyewe."

Huenda harufu ilikuwepo, huenda haikuwepo. Fisi ukimtajia nyama, pua inajitegemea. Fisi akanusa kushoto. Fisi akanusa kulia. Fisi akameza mate.

"Niende wapi?" akauliza.

"Kwani ni lazima uchague?"

"Usinitanie, Bi Sange! Njia mbili zilimshinda fisi. Kila mtu anausema msemo huo, na hakuna anayetupa pole. Fisi huyo alikuwa babu yangu mzaa baba. Aliweka miguu ya huku kushoto, miguu ya huku kulia, akapasuka msamba. Tukamzika vipande viwili."

"Pole sana, mjomba. Na siku hiyo waliokuwa wakimtazama walikuwa wangapi?"

"Kijiji kizima. Walikuwa wanacheka."

"Umeona sasa? Babu hakuuawa na njia. Aliuawa na macho ya watu. Kitu kikitazamwa kinalazimika kuwa kimoja na kupita njia moja. Kisipotazamwa kinapita njia zote, wala hakichubuki."

"Shangazi, hiyo kweli ipo!" Nakijwa anadakia. "Chembe za mwanga zinapita matundu mawili kwa pamoja!"

Ipo, mwanangu. Kwa chembe ipo. Ngoja uone kwa Fisi.

"Wewe mwanamke," Fisi akasema, "unaniona mjinga? Nikiondoka hapa utamchukua mwanao."

"Mjomba, kama unaweza kuwa wawili, nani amekukataza kuwa watatu? Mmoja aende kushoto. Mmoja aende kulia. Wa tatu abaki hapa amekalia chungu. Mkimaliza mnarudi, mnakuwa mmoja, na matumbo matatu yanakuwa moja."

"Watatu," Fisi akasema.

"Watatu."

"Matumbo matatu."

"Yote ni yako."

Simba asingekosea hivi. Hata Punda asingekosea hivi, kwa sababu Punda majani yakimtosha hulala. Kosa hili ni la mtu ambaye hajawahi kutosheka, akaambiwa kwamba tatizo ni kuwa mmoja.

Fisi akasimama juu ya chungu, akatoa amri kwa sauti. "Kanga mlio mtini, fumbeni macho! Mjusi, fumba! Bi Sange, fumba!" Wote wakafumba.

"Na wewe pia, mjomba," Bi Sange akasema, macho yamefumbwa. "Wewe ndiye unayejitazama kuliko wote. Na usifumbue kabla hamjala, utajikuta mmoja tu, na huwezi kuchagua uwe yupi."

Fisi akafumba kwa nguvu hadi masikio yakalala. Akashuka. Paa. Paa. Paa. Akafika njia zinapoachana, akasimama, akangoja kugawanyika.

Bi Sange akafumbua. Akarukia ukingo wa chungu, akaanza kuchimba mchanga. Kwaru, kwaru, kwaru.

"Fisi wa kushoto!" Fisi akaita. "Umefika?"

Bi Sange akainenepesha sauti. "Nimefikaaa! Mbuzi wameiva!"

Kwaru, kwaru, kwaru.

"Fisi wa kulia! Umefika?"

"Nimefikaaa! Nyati mnene huyu!"

Kwaru, kwaru, kwaru.

"Na wewe wa chunguni! Umekaa vizuri?"

Pua ndogo ikatokeza kwenye mchanga. Bi Sange alipoiona karibu sauti imtoke nyembamba. Akakohoa.

"Nimekaaa! Mwana yumooo!"

Takataka akatoka, vumbi tupu. Hawakukumbatiana, muda huo haukuwepo. Wakakimbia, mama mbele, mwana nyuma, ti-ti-ti-ti-ti.

"Mama," Takataka akauliza huku akihema, kwa maana chini ya chungu alikuwa amesikia yote, "ni kweli tunasimuliwa?"

"Sijui, mwanangu."

"Na kama ni kweli?"

"Basi kimbia, ili anayesimulia aseme tulikimbia."

Nami nasema: walikimbia.

Fisi alisimama pale hadi kivuli chake kikahama upande. Hakuna aliyempigia tena kelele, si wa kushoto, si wa kulia, si wa chunguni. Njaa ikamzidi. Akafumbua jicho moja. Akajitazama: mmoja. Akageuka. Chungu kipo, kando yake kishimo, na juu yake hakuna mtu amekaa.

Fisi akanusa. Fisi akafikiri. Safari hii hakumeza mate.

"Ahaa," akasema. "Nilipofumbua ndipo nikawa huyu. Bahati mbaya yangu. Lakini wenzangu wale wawili sasa hivi wanakula. Na mmoja wao, labda, ameshiba."

Wazo hilo likamwingia tumboni, mahali ambapo hakuna kitu kilichowahi kukaa, likakaa. Fisi akacheka. Alikuwa hajawahi kucheka tangu azaliwe. Hi-hi-hi-hiii! Ndiyo maana mpaka leo fisi hucheka akiwa na njaa. Anamfurahia fisi mwingine, mahali pengine, aliyeshiba kwa niaba yake. Kila nikifika hapa namhurumia. Kuna siku, nawaambia ukweli, namwonea wivu.

"Na funzo, shangazi?" Nakijwa anauliza.

Funzo ni hili: jambo likikuzidi akili, fumba macho.

"Lakini Fisi alifumba macho akakosa vyote! Aliyepata ni Bi Sange, na yeye alifumbua!"

Bi Sange alipata mwana wa kuhangaikia mpaka siku ya kufa kwake. Fisi anacheka. Na wewe uliyefumbua macho ngano nzima, mbona uso umekukunjamana? Funzo la pili, kwa wanaong'ang'ania mafunzo: someni fizikia kwa bidii, na msimwamini yeyote anayewaeleza fizikia mkiwa na njaa.

Nimeitua. Anayeitaka aibebe.

— Tumeibeba!

Nzito au nyepesi?

— Nyepesi!

Basi hamjaibeba.